Kahawa ya Kiwanda Kimoja Inapofika Lamu

Kahawa nzuri ya mlimani aghalabu haiharibikii mlimani. Mkulima akichuma matunda yaliyoiva, kiwanda kikayamenya jioni ile ile, kinu kikakoboa kwa wakati, buni hutoka bara zikiwa na kila zilichopewa na udongo na baridi. Zinapopotea ni huku kwetu: kwenye unyevu wa ghala, kwenye jiko la makaa, kwenye maji ya kisima, na ndani ya mdila (birika la kahawa) wenyewe. Haya ni mambo ambayo kazi ya kukaanga na kuuza kahawa Lamu imetufundisha, na tunayaandika kwa wenzetu wa kisiwani na wa Malindi wanaotaka kuleta kahawa ya wakulima wadogo na kuiuza kwa jina lake.

Jina lenyewe kwanza. Tukisema kahawa ya chanzo kimoja hatumaanishi shamba la mtu mmoja. Katika Kenya wakulima wadogo wengi hawamenyi kahawa nyumbani. Hupeleka matunda kwenye kiwanda cha chama chao cha ushirika, yakapimwa kwa kilo, na matunda ya mamia ya watu yakaingia tangi moja. Kwa hiyo chanzo ni kiwanda. Chama cha Rungeto huko Kirinyaga kina viwanda vitatu, Kii, Karimikui na Kiangoi, na mnunuzi anayejua kazi hutaja kiwanda. Hatosheki na jina la chama, sembuse kuambiwa "kahawa ya Mlima Kenya". Kila shehena ikifika kwenye kinu cha kukoboa hupewa namba yake, yenye wiki ya mwaka wa kahawa (mwaka huo huanza Oktoba), alama ya kinu, na hesabu ya shehena. Omba namba hiyo na uiandike kwenye gunia. Kahawa ikikupendeza, ndiyo njia ya kuulizia nyingine ya kiwanda kile; ikikutia hasara, ndiyo njia ya kulalamika mahali panapostahili. Asiyeweza kukutajia kiwanda wala kukupa stakabadhi, muache. Kahawa huibwa viwandani usiku, na anayenunua ya mlango wa nyuma anamnyang'anya mkulima jasho la mwaka mzima.

Kuna neno litakalokuponza kwenye simu. Kwetu pwani mbuni ni mti, na buni ni punje zake ambazo hazijakaangwa. Katika biashara ya bara, mbuni ni tunda lililokaushwa zima na ganda lake bila kumenywa, na ndilo la daraja la chini kabisa kwenye hesabu zao. Likishakobolewa huandikwa MH kwa zito na ML kwa jepesi. Ukiomba "mbuni kilo 60" utapewa hicho hicho ulichokitamka. Omba kahawa iliyooshwa, taja daraja, taja kiwanda.

Daraja nalo halisemi utamu. Hupimwa kwa chekeche, yaani ni ukubwa wa punje. AA ndizo kubwa, zinazobaki juu ya tundu la milimita 7 na ushei, AB hufuata, PB ni zile za mviringo, tunda lililozaa punje moja badala ya mbili. Kisha kuna C, na zile nyepesi zinazopeperushwa na upepo wa mashine, TT na T. AB ya kiwanda kizuri tumeiona mara nyingi haina tofauti ya ladha na AA ya kiwanda hicho hicho, na bei yake ni nafuu. Ama kwa anayekaanga kwa kikaango juu ya makaa, sisi tunampa ushauri mmoja bila kusita: nunua PB. Punje ya mviringo hubingirika kikaangoni na kuiva pande zote. AA ina upande bapa, na upande huo hukaa juu ya chuma ukaungua huku mgongo haujabadilika rangi. Na usichanganye madaraja kikaangoni. Ndogo zitaiva kabla ya kubwa, nawe utatoa mchanganyiko wa mbichi na zilizoungua, kisha utailaumu kahawa.

Ni vyema kujua kinachofanyika kiwandani, maana kasoro nyingi za kikombe zina mahali zilipozaliwa. Matunda hukaguliwa yakamwagwa chini na mabichi kutengwa. Humenywa siku ile ile, kisha buni zenye utelezi wake huwekwa kwenye matangi zichachuke kwa saa 12 hadi 24, kutegemea baridi ya usiku. Bakteria na hamira hula ule utelezi. Huoshwa kwenye mifereji mirefu, nzito zikazama na nyepesi zikaelea, na hapo hutengwa kwa uzito. Viwanda vingi vya Kenya ya kati huzilowesha tena katika maji safi. Baadaye huanikwa juu ya vichanja kwa wiki mbili au zaidi, zikigeuzwa kila mara, zikifunikwa jua la mchana likichoma na usiku umande unapoanguka, hadi unyevu wa ndani ufike asilimia 11 hivi. Kikombe chenye harufu ya kitunguu kilichooza kinakuambia zilichelewa tangini au maji ya kuoshea yalikuwa machafu. Punje moja iliyonasa kwenye mashine ya kumenyea tangu jana ikachacha inatosha kunukiza mdila mzima. Punje zinazobaki na rangi ya karanga baada ya kukaangwa, wakati wenzake wamekuwa kahawia, ni matunda yaliyochumwa mabichi. Hazikupata sukari ya kugeuka rangi.

Maji yale ya kuoshea, kwa taarifa, hushuka vijito vinavyolisha Mto Tana, na Tana humwaga baharini Kipini, kati ya Malindi na Lamu. Nasi wa pwani tunakunywa kahawa ya mteremko ambao mto wake unaishia mlangoni petu.

Kabla ya kulipia gunia, omba sampuli ya gramu 350. Imwage juu ya karatasi nyeupe mchana, usitumie taa. Tafuta nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizo na madoa meupe kama zimepauka. Rangi inayotakiwa ni kijani kibichi chenye kuelekea buluu. Ikiwa rangi ni njano au kijivu, kahawa ni ya zamani au imeshalowa ikakauka. Nusa: buni mpya zinanuka majani mabichi na nafaka, za zamani zinanuka gunia. Kisha kaanga gramu 100 bila kuzikoleza, saga, na onja vikombe vitano, kila kimoja gramu 11 kwa mililita 200 za maji yaliyotoka kuchemka. Saga kila kikombe peke yake. Wengi hukosea hapo wakasaga zote pamoja. Ukifanya hivyo, ile punje moja iliyochacha huenea kwenye vikombe vyote na usijue ni moja kati ya elfu au ni nusu ya gunia. Vikombe vinne vikiwa vizuri na kimoja kinanuka, hiyo ni punje ya bahati mbaya. Vitatu vikinuka, rudisha.

Msimu mkubwa wa Kenya ya kati huchumwa Oktoba hadi Disemba, na mdogo kati ya Aprili na Julai. Zikishakaushwa, zikapumzishwa, zikakobolewa na kuuzwa, buni za msimu mkubwa humfikia mkaangaji wa huku karibu na mwanzo wa masika, hewa inapoanza kuwa nzito. Ni wakati mbaya wa kupokea shehena kubwa. Afadhali ununue kilo 60 na uache nyingine bara kwenye ghala kavu, uletewe kila baada ya wiki sita, kuliko kuleta magunia matano kwa sababu nauli ni nafuu. Na mzigo ukiwa njiani, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, mtu wako ahakikishe haukai juu ya madumu ya petroli wala pembeni ya ng'onda na papa. Buni hunyonya harufu kama pamba inavyonyonya maji. Kwenye boti kutoka Mokowe, gunia liwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, wa aina ile wakulima wanayohifadhia mahindi, likae katikati ya boti. Rasharasha moja la maji ya bahari halikauki na kusahauliwa. Chumvi ikibaki kwenye gunia itaendelea kuvuta unyevu kila usiku.

Sasa ghala, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo hasara kubwa ilipo.

Buni hupatana na hewa inayozizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 huziacha karibu na 11 au 12 zilizotoka nazo bara. Hewa ya Lamu mara nyingi hupita 75. Ziache kwenye gunia la katani, ambalo linapumua, na baada ya wiki chache zitakuwa zimevuka asilimia 13. Hapo ukungu huanza, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu isiyoondoka yote kwa kukaanga. Fukusi nao huja. Hata kabla ya ukungu kuonekana, buni hupauka na ladha hufifia, uchachu ukaondoka, ikabaki ladha ya ubao na gunia. Mkaangaji asiyejua huongeza moto ili kuifufua. Haifufuki.

Kipimo cha unyevu wa buni ni ghali, lakini mizani kila duka inayo. Siku mzigo unapofika, ukiwa umeambiwa buni zina asilimia 11, pima kilo 10 kamili katika kifuko cha kitambaa na ukiweke pamoja na nyingine, katika hali ile ile. Pima kila Jumatatu. Kikiongezeka gramu 114, buni zimefika asilimia 12. Kikiongezeka gramu 230, zimefika 13, na una siku chache tu za kuzikaanga zote. Uzito huo ulioongezeka ni maji tu. Hakuna kingine kilichoingia. Ukiweza kung'ata, ng'ata vilevile: punje kavu hugoma na kupasuka, yenye maji huacha alama ya jino.

Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zina tabia zao. Orofa ya chini hupanda unyevu wa chumvi kutoka ardhini, na ukuta unaomenyeka chokaa unakuonyesha umepanda hadi wapi. Usihifadhi buni hapo hata kwa siku tatu. Juu kabisa, chini ya makuti, kuna joto la mchana na umande wa usiku, na mabadiliko hayo ndiyo yanayopausha. Chumba cha ndani cha orofa ya kati ndicho kizuri, giza, dirisha limefungwa. Panga vipande vya boriti sakafuni, weka mifuko juu yake, na uache nafasi ya shubiri mbili kutoka ukutani. Mifuko iwe isiyopitisha hewa, imefungwa kwa kusokotwa shingo na kukunjwa, kilo 10 kila mmoja, ili ukifungua mmoja usifungulie hewa mzigo mzima. Fungua asubuhi ya kaskazi kavu kuliko jioni ya mvua. Kwa njia hii kahawa hukaa miezi sita bila kupauka. Kwenye gunia la katani tupu, usitegemee hata miwili.

Kukaanga. Tunazungumzia kikaango kizito cha chuma cha kusubu, kipana sentimita 30 hivi, na gramu 400 za buni. Zaidi ya hapo hutaweza kuzigeuza kwa usawa. Makaa yawe yameshika hadi yamevaa jivu jeupe na hayatoi moshi. Vifuu vya nazi vitumie kuwashia tu. Moto wake ni mkali lakini una moshi, na moshi ule huingia kwenye kahawa ukaipa ladha ya samaki wa kukaushwa. Kahawa ya mlimani, iliyokua juu ya mita 1,600 ambako usiku ni baridi na tunda huchukua muda kuiva, ina punje ngumu zilizoshikamana. Inataka moto wa nguvu mwanzoni. Kikaango kiwe cha moto kabla ya kumimina, kiasi kwamba tone la maji linaruka na kutoweka mara moja.

Dakika tano za kwanza buni hutoka kijani zikawa njano, na harufu hutoka majani ikawa mkate. Usiache mkono, mwiko uende chini hadi kwenye chuma, ukivuta kutoka pembeni kuja kati. Zikishakuwa njano zote, punguza moto kwa kutandaza makaa, usiyaondoe. Kati ya dakika ya tisa na ya kumi na moja utasikia mlio wa kwanza, kama bisi zinazopasuka. Ni mvuke wa ndani unaopasua punje, joto la kahawa likiwa karibu na nyuzi 200. Tangu mlio wa kwanza uanze, hesabu. Kwa mdila tunatoa kati ya dakika mbili na mbili na nusu baadaye, punje zikiwa kahawia iliyokolea na uso mkavu bila mafuta. Ukingoja hadi mlio wa pili, ulio mwembamba na wa haraka kama vijiti vinavyovunjika, umeshavuka nyuzi 220 na mafuta yanaanza kutoka nje. Kiwanda ulichokilipia hakitambuliki tena, kwa sababu ladha ya moto hufanana kwa kahawa zote.

Kukaanga kukiisha kabla ya dakika nane, nje imeungua na ndani ni mbichi: kikombe kina ladha ya makaa na ya majani kwa pamoja. Kukipita dakika 18 kwa moto dhaifu, kahawa inakuwa bapa, kama mkate wa jana, haina kosa wala uzuri. Hilo la pili ndilo linalotokea zaidi kwa watu waangalifu, wanaoogopa kuunguza.

Mimina kwenye uteo mara moja, pepea kwa kipepeo na urushe makapi yaondoke. Punje zipoe kabisa ndani ya dakika nne, maana zinaendelea kujipika. Usinyunyizie maji, hewa yetu inayo ya kutosha. Kisha keti na uchambue zile za rangi ya karanga. Tano au sita katika gramu 400 ni kawaida. Ukipata hamsini, wachumaji walikuwa na haraka au mkaguzi wa kiwanda hakukaza, na ni haki kumwambia aliyekuuzia. Pima ulichotoa: gramu 400 zirudi kati ya 335 na 345. Ukipata 315 umezikaanga sana, na mbali na ladha umepoteza uzito: kwa kila kilo ya buni hizo ni kama gramu 60 au 70, karibu kipimo cha lita nzima ya kahawa.

Usizisage siku hiyo. Zimejaa gesi, na kahawa yake huwa na ukali usiotulia. Siku mbili hadi saba ndani ya kopo lililojazwa hadi juu ni wakati wake bora. Baada ya wiki tatu za hewa ya Lamu, kahawa iliyokaangwa imekwisha, na iliyosagwa hukwisha kwa siku mbili. Kaanga kidogo, mara kwa mara.

Kinu na mchi hufanya kazi, mradi upitishe chekeche na urudishe vipande vikubwa kinuni. Kosa si ukubwa, ni kutolingana: unga hutoa uchungu papo hapo na vipande havijatoa chochote. Kwa mdila tafuta ukubwa wa suji. Kinu ulichotwangia tangawizi kisitwange kahawa hii.

Maji huamua zaidi ya wengi wanavyodhani. Visima vya mji viko kwenye matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine na chumvi. Chokaa humeza uchachu. Kahawa ya Kirinyaga au Nyeri, ambayo fahari yake ni uchachu wa ukwaju na zambarau, ukiipikia maji ya kisima kigumu hutoka kama imepoa ikiwa bado ya moto. Maji ya mvua nayo, yale ya jabia kama wanavyovuna visiwa vya upande wa Pate, hayana kitu ndani yake, na uchachu hutoka uchi, ukakata ulimi. Changanya nusu kwa nusu, maji ya mvua na ya kisima kisicho na chumvi, kisha onja; yakiwa bapa ongeza ya mvua, yakikata ongeza ya kisima. Maji yanayotoka kwenye michanga ya Shela mara nyingi hufaa peke yake. Yenye ladha ya chumvi mdomoni usiyatumie kabisa, kwa kahawa yoyote.

Sasa mdila. Njia ya zamani ni kutia unga na maji na tangawizi pamoja na kuviacha vichemke muda mrefu juu ya seredani. Kwa kahawa iliyokaangwa nyeusi njia hiyo haina hasara, kwa sababu hakuna cha kupoteza. Kwa hii, chemsha lita moja ya maji sufuriani, na kama unataka tangawizi tia gramu 4 za kavu iliyopondwa na uiache ichemke dakika tano peke yake. Epua, mapovu yatulie. Tia gramu 70 za kahawa, koroga mara moja, rudisha kwenye moto mdogo hadi ifure mara moja tu, epua. Ngoja dakika tano machicha yazame, kisha chuja kwa kitambaa kuingia kwenye mdila uliokwisha kusuuzwa kwa maji ya moto. Machicha yasiingie mdilani. Yakiingia yataendelea kutoa uchungu kila dakika mdila unapokaa juu ya makaa. Iliki hupatana na kahawa hii kuliko tangawizi. Punje nne zilizopasuliwa zinatosha lita. Tangawizi nyingi pamoja na uchachu wa mlimani hugombana, na mshindi huwa ni tangawizi.

Mdila juu ya makaa ni mzuri kwa dakika 40. Baada ya hapo joto hubadilisha asidi za kahawa na uchachu mtamu ukawa ukakasi. Muuzaji anayezunguka kutoka Mkunguni hadi mwisho wa barabara ya pwani abebe mdila wa lita moja na arudi kujaza, badala ya wa lita tatu unaoiva mpaka saa nne usiku.

Mteja atasema imechacha. Jitayarishe. Mzee aliyekunywa kahawa tungu barazani miaka hamsini, akikutana na uchachu wa miti ya SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa Kabete miaka ya 1930 na ambazo bado zimejaa mashamba ya Kenya ya kati pamoja na Ruiru 11 na Batian, ana haki ya kushangaa. Usimwambie hajui kahawa. Anajua, anachokijua ni kingine. Mletee na tende badala ya kashata, kwa sababu utamu mzito wa tende hukaa vizuri na uchachu, na kashata ya karanga huufunika. Mwambie kiwanda ni kipi na mlima gani. Na uendelee kuwa na mdila wa pili wa kahawa nyeusi kwa anayeitaka, yenye bei yake na jina lake. Kuchanganya kahawa mbili si kosa, watu wamechanganya tangu zamani. Kosa ni kutia robusta ya bei rahisi na kuendelea kuita Karimikui.

Kuhusu bei, fanya hesabu hii na uwaonyeshe wanaouliza kwa nini kikombe kimepanda. Inachukua kilo 6 hadi 7 za matunda kupata kilo moja ya buni. Kilo hiyo ikikaangwa vizuri inabaki gramu 850, na ukitoa za rangi ya karanga na za kuonjea, inatosha karibu lita 12 za maji. Machicha na mvuke hula sehemu ya saba hivi. Kwa vikombe vidogo vya mililita 60 unapata kama vikombe 170. Maana yake kilo moja ya matunda aliyoichuma mkulima, tunda kwa tunda, ni kama vikombe 26 vya barazani. Mkulima hulipwa kwa kilo ile ya tunda, na kwa kawaida hulipwa baada ya kahawa kuuzwa, miezi kadhaa tangu apeleke kiwandani. Sisi tunalipwa papo hapo, kikombe kinapopokelewa. Kwa hiyo ukikubaliana na chama bei ya kilo, lipa siku mliyokubaliana, na usimpige mkulima bei kwa sababu buni zimelowa kwenye ghala lako.

La mwisho ni usafi wa mdila. Ndani ya mdila wa shaba pawe na bati, na bati likichubuka peleka kwa fundi kabla ya kuendelea kuutumia, kwa sababu kahawa yenye asidi hula shaba na kikombe kikawa na ladha ya sarafu. Kahawa isilale mdilani. Nje sugua kwa ukwaju na jivu, ung'are. Ndani usitumie jivu, litakwangua bati. Tumia maji ya moto na kitambaa. Mdomo wa mdila ndio unaosahauliwa: mafuta ya kahawa hujikusanya kwenye kona yake, yakachina, na hunusi mpaka uweke pua pale. Chukua kijiti cha ukuti, kizungushie uzi wa pamba, upitishe na maji ya moto kila usiku, kisha uache mdila umelala ubavu, kifuniko wazi, hadi asubuhi.